Dalali wa Mkopo au Mlango wa Benki? Jibu kwa Familia ya Ng'ambo, Tabora

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwezi uliopita tulipokea suali kutoka Ng'ambo. Msomaji wa Unguja akilisikia jina hili, fikra zake zitakwenda Michenzani na Kikwajuni. Ng'ambo tunayoizungumzia leo ni mtaa wa mji wa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi, na Tabora wana Kidongo Chekundu chao pia kama tulivyo na chetu. Majina hayo mawili yanatosha kutukumbusha kuwa sisi na wao ni watu waliozoeana kwa muda mrefu, na familia nyingi za visiwani bado zina jamaa huko.

Aliyetuandikia ni dada mmoja. Kwa idhini yake tunalileta suali lake kwa ufupi, bila ya majina:

Baba yao amefariki miaka mitatu iliyopita. Ameacha mke mmoja, watoto wanaume wawili na wanawake wawili, na nyumba moja ambayo mama yao anaishi mpaka leo. Mirathi haijagawanywa. Kaka mkubwa, ambaye anafanya biashara hapa Unguja, anataka kununua kiwanja Tabora na kujenga nyumba ya kupangisha, kwa kuwa reli mpya inakuja na bei ya ardhi inapanda. Amepata dalali aliyemuahidi mkopo wa shilingi milioni 30 ndani ya wiki mbili, nyumba ya marehemu iwe rahani. Dalali anataka kumi kwa mia, nusu yake kabla ya kazi. Kaka mdogo anapinga. Yeye anasema dalali wa nini, twende benki wenyewe. Wadada wawili hawakuulizwa. Dada yetu anauliza: lipi lililo sawa kisheria na lipi lenye salama, kumpitia dalali au kwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji?

Tumeona tulijibu hapa hadharani kwa sababu si la familia moja. Hapa kwetu, kuanzia Fuoni mpaka Wete, kuna vijana wengi waliobeba simu na mafaili chini ya kwapa wakisema "nina mtu wangu benki". Na msimu huu wa reli na barabara, kila penye ardhi pana dalali.

Kwa nini sasa, na kwa nini Tabora

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Vipande vinavyofuata vinapita Tabora: kutoka Makutupora kwenda Tabora, kutoka Tabora kwenda Isaka, na mkono mwengine wa kwenda Kigoma. Mji unaotarajiwa kuwa njia panda ya reli tatu lazima upandishe bei ya viwanja. Haya si mageni Tabora. Reli ya Wajerumani ilifika pale mwaka 1912, na kabla ya reli mji ule ulikuwa ndio kituo kikubwa cha misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwengineko. Msafara ulichukua miezi miwili au mitatu kwa miguu kufika, wapagazi wamebeba nguo na shanga kwenda, na pembe za ndovu kurudi. Tuseme na ukweli mchungu pia, kwamba katika misafara ile walikuwemo binadamu waliofungwa minyororo, na hilo ni doa ambalo hatuna haki ya kulificha.

Msafara ule ulikwenda kwa deni. Mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka kwenda bara hakuwa na mtaji wa kutosha. Alikwenda kwa tajiri, mara nyingi Mhindi, akachukua mali kwa ahadi ya kulipa kwa pembe atakaporudi, kwa bei iliyo juu zaidi kuliko ya taslimu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wanamjua kwa jina la Tippu Tip na ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alipewa mali kwa mkopo na Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja wa wakati ule. Waliofanikiwa kama yeye tunawasoma katika vitabu. Wengine wengi walibakia bara miaka na miaka kwa kuogopa kurudi pwani kukabiliana na wadai wao, na wengine walifia huko na madeni shingoni.

Nyumbani nako mashamba na nyumba ziliwekwa dhamana kwa njia iliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba "anauza" shamba lake kwa tajiri, na anabakisha khiyari ya kulikomboa ndani ya muda fulani kwa bei ile ile. Wakati huo huo yeye anaendelea kukaa ndani na kumlipa tajiri "kodi". Kwa karatasi hakuna riba, kuna bei na ijara. Kwa hakika ya mambo, kodi ile ndiyo iliyokuwa ziada juu ya mkopo. Mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ilihama mikono kwa njia hiyo, mpaka mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa wengine bila ya ruhusa.

Nimeyataja haya ili dada yetu ajue kuwa suali lake lina mizizi. Babu zetu hawakupotea kwa kukosa kusoma karatasi. Walipotea kwa kuamini kuwa karatasi ikisomeka vizuri, jambo limekwisha.

Hukumu ya dalali

Tuanze na dalali mwenyewe, kwani wapo wanaodhani kazi yake yote ni haramu. Si hivyo. Neno dalali ni la Kiarabu na maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Imam al-Bukhari ameweka mlango mzima kuhusu ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Siriin, 'Atwaa, Ibraahiim na al-Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na katika Hadiyth ya Qays bin Abi Gharazah, Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu waliokuwa wakiitwa madalali, akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawanasihi kuwa biashara huingiliwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Kwa hiyo mtu kukutafutia nyumba, kukuonyesha kiwanja, kukuandalia karatasi na akalipwa kwa kazi hiyo, ni halali. Ila kuna masharti manne.

La kwanza, ujira ujulikane tangu mwanzo. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy malipo lazima yawe maalumu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu sehemu kwa mia ya bei, maadamu pande zote zinaijua na zimeridhia. "Tutaelewana baadaye" ndio mlango wa ugomvi.

La pili, kama makubaliano ni malipo kwa kukamilisha jambo, na hiyo ndiyo ju'aalah, basi ujira haustahiki mpaka jambo likamilike. Anayesema "nipe nusu kwanza, mkopo ukikosekana pesa hairudi" anakula bila ya kazi kukamilika.

La tatu, asifanye khiyana kwa kula pande mbili. Dalali aliyelipwa na wewe kukutafutia masharti mazuri, na huku analipwa na mkopeshaji kwa kila mteja anayempelekea, hajui tena anamtumikia nani. Kama analipwa pande zote, lazima akwambie. Na kama sehemu ya zile kumi kwa mia inaishia mfukoni mwa mfanyakazi wa benki ili faili lipite, hiyo ni rushwa. Tunamkumbuka Ibn al-Lutbiyyah, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na kusema hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angezawadiwa kitu.

La nne, na hili ndilo linalosahauliwa, kinachofanyiwa udalali kiwe halali. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jaabir kuwa Mtume (s.a.w.) amewalaani mla riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Kama mwandishi na shahidi wameingia, basi aliyewakutanisha mkopaji na mkopeshaji kwa ujira atatokea wapi? Dalali wa mkopo wa riba ujira wake si halali hata akiwa mkweli, mpole na mswalihina.

Kisha kuna mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yanayohusu misafara yenyewe. Amekataza watu kutoka nje ya mji kuipokea misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni ana khiyari ya kuvunja. Sababu inaeleweka. Msafiri hajui bei ya soko, na yule aliyemuwahi njiani anaitumia ile kutojua kwake. Hilo ndilo ninaloliona kwa dalali wa mikopo. Anakuwahi kabla hujafika sokoni. Anakwambia benki wagumu, masharti mengi, utazungushwa, "niachie mimi". Na wewe hujawahi hata siku moja kuingia ndani ukauliza.

Niseme la kwangu. Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, nimetoka chuo kikuu karibuni, nilimpa mtu pesa anifuatilie karatasi za kiwanja katika ofisi moja. Kila nikimuuliza, "faili liko kwa mkubwa". Baada ya miezi mitano nikaenda mwenyewe. Faili halikuwepo kwa mkubwa wala kwa mdogo, halikuwahi kufunguliwa. Kijana wa mapokezi akanipa fomu, ya bure. Nimesomesha fiqhi ya wakala miaka mingi, na bado nilimlipa mtu kwa ajili ya mlango uliokuwa wazi. Haya ilikuwa ni ile ile ya wengi wetu: tunaona tabu kuingia ofisini na kuuliza.

Hukumu ya mkopeshaji

Basi je, kaka mdogo yuko sawa? Nusu. Kwenda mwenyewe kunaondoa gharama ya dalali na uongo wake. Hakuondoi riba. Anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe kusaini mkopo wa ziada, na anayepelekwa na dalali, wote wamefika pahala pamoja. Aya za mwisho za Suuratul-Baqarah kuhusu riba, kuanzia ya 275 mpaka ya 279, zinajulikana na kila mtoto wa chuoni, na vitisho vyake havijapewa dhambi nyingi kama hii.

Wapo watakaosema kuna fatwa inayoruhusu mkopo wa nyumba. Kweli, mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa lilitoa ruhusa kwa Waislamu wa nchi za Magharibi, wakati wa haja, kwa nyumba ya kukaa mwenyewe na familia, pale ambapo hakuna njia mbadala. Wanazuoni wengine waliipinga. Lakini hata anayeichukua, aisome masharti yake. Nyumba ya kupangisha Tabora si nyumba ya kukaa, na Tanzania ina njia mbadala. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilikwishapitisha mwaka 1990 kuwa mikopo ya riba kwa ajili ya makaazi ni haramu, na ikataja njia zilizo halali, ikiwemo kununua kwa malipo ya awamu.

Njia hizo leo zipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki kamili ya Kiislamu. PBZ ina huduma zake za Kiislamu. Benki nyengine kubwa zimefungua madirisha, kama Al Barakah ya CRDB na Sahl ya KCB. Simpigii debe yeyote kati ya hawa, na jina la Kiarabu juu ya mlango si fatwa. Uliza mkataba unavyofanya kazi. Kama ni muraabahah, benki inunue nyumba au vifaa kwanza, viingie katika miliki na dhamana yake, kisha ikuuzie kwa bei isiyobadilika hata ukichelewa. Kama ni ushirika unaopungua, nyumba ni yenu wote wawili, unakodi sehemu ya benki na kuinunua kidogo kidogo, na ikiungua au kubomoka benki nayo inabeba hasara ya hisa yake. Ikiwa benki haikubeba hatari yoyote, haikumiliki chochote, na imekupa pesa taslimu mkononi ili urudishe zaidi, basi tumerudi kwenye bei ya khiyari ya babu zetu.

Tupige hesabu

Wengi wanazungumzia kumi kwa mia ya dalali wakasahau iliyo kubwa zaidi. Tuchukue mfano wa milioni 30, kwa riba ya 17 kwa mia kwa mwaka, miaka kumi, salio likipungua kila mwezi. Malipo ya kila mwezi yanakuwa takriban shilingi 521,000. Ukijumlisha miezi 120 umelipa kiasi cha milioni 62 na nusu. Umenunua nyumba moja kwa bei ya mbili na zaidi. Ukimuweka na dalali wako, anachukua milioni tatu mwanzoni. Wewe umeshika 27, lakini unalipia 30 miaka yote kumi.

Kisha jiulize ni mkopeshaji gani anayetoa milioni 30 ndani ya wiki mbili kwa nyumba ambayo hati yake bado ina jina la marehemu. Benki inayofuata sheria haiwezi. Itataka hati, tathmini, utafutaji wa msajili wa hati, barua ya msimamizi wa mirathi, na ridhaa za wanaohusika. Anayeweza ni yule wanayemwita huko mitaani kausha damu. Huyo hesabu yake ni nyengine. Chukua milioni moja kwa kumi kwa mia kila mwezi. Unapeleka laki moja mwezi wa kwanza, laki moja wa pili, na baada ya miezi kumi umeshatoa milioni nzima na bado unadaiwa milioni ile ile.

Serikali inalijua tatizo hili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila ya idhini. Kwa hiyo kabla ya kusaini, suali la leseni ni haki yako. Anayekasirika ukimuuliza leseni amekwisha kukujibu.

Jamaa zetu walioko Uingereza hutwambia kuwa kule dalali wa mikopo ya nyumba ni kazi ya heshima. Ni kweli, na sababu ni kuwa kazi hiyo inasimamiwa. Tangu mwaka 2004 ushauri wa mikopo ya nyumba uko chini ya mamlaka ya fedha, mshauri anatakiwa kueleza nani anamlipa na kiasi gani, na mteja aliyedhulumiwa ana pahala pa kulalamikia. Dalali wetu wa mtaani hana ofisi wala leseni ya kushauri mikopo. Jambo likiharibika, namba yake ya simu haipatikani.

Nyumba ni ya nani?

Sasa tufike pale ambapo kaka wawili hawa hawakufika. Wamegombana juu ya dalali na benki, na hakuna aliyeuliza kama nyumba ni yao kuiweka rahani.

Baba alipovuta pumzi ya mwisho, nyumba ile iliacha kuwa yake na ikawa ya warithi wote, baada ya kulipwa madeni yake na wasia wake. Hisa zao Allaah amezitaja katika Suuratun-Nisaa. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Igawe nyumba mafungu 48: mama ana 6, kila mtoto mwanamume ana 14, kila mtoto mwanamke ana 7. Kaka mkubwa ana 14 kati ya 48. Hafiki hata thuluthi. Naye anataka kuyaweka yote 48 mkononi mwa mtu asiyemjua.

Mafakihi wa madhehebu yetu wameruhusu mtu kurehani hisa yake katika mali isiyogawanywa, na wameruhusu kurehani mali ya mwenzio kwa idhini yake. Lakini ni hisa yake, na ni kwa idhini. Kuwanyamazia wadada kwa sababu "wameolewa" au "hawana maneno" si idhini. Na idhini ya mama aliyeambiwa "weka dole hapa tu, mama, ni karatasi za benki" nayo si idhini, maana haridhii mtu jambo asilolijua.

Nilizungumza na mama huyo kwa simu. Hakumlaumu mwanawe. Alisema: "Mimi sikatai ajenge, sheikh. Nataka kujua tu, ikiwa mambo yatakwenda vibaya, mimi nitalala wapi." Katika maneno yote niliyoyasikia kuhusu jambo hili, hilo ndilo suali la kifedha lililokuwa bora kuliko yote, na dalali hakuliuliza kwa sababu jibu lake lingemkosesha milioni tatu.

Sheria za nchi nazo zinaelekea huko huko. Tanzania Bara, mirathi hupelekwa mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha familia kumpendekeza msimamizi, na msimamizi hana ruhusa ya kuitumia mali kwa shughuli zake binafsi. Na kwa walio hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuiweka rahani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Kwetu Zanzibar mirathi ya Waislamu iko kwa Kadhi. Zipo njia, na wala si ghali kama upotevu wa nyumba.

Tusisahau pia kuwa neno dalali lina mtu wa pili. Deni likishindikana, anayekuja na tangazo la kubandika mlangoni naye tunamwita dalali, dalali wa mnada. Ni vyema mtu akimkaribisha wa kwanza akamfikiria na yule wa mwisho.

Jibu letu

Kwa dada yetu na familia yake, na kwa kila aliye katika hali kama yao, tunasema hivi.

Kwanza, msisaini chochote na msitoe nusu ya ujira. Kama imeshatolewa na kazi haijakamilika, idaini. Pelekeni mirathi mahakamani, ateuliwe msimamizi, kila mmoja ajue fungu lake. Miaka mitatu imetosha.

Pili, mkopo wa ziada msiuingie, si kwa dalali wala kwa miguu yenu. Kama kaka anataka kujenga, aanze na fungu lake na akiba yake, au awashirikishe ndugu zake kwa mkataba ulioandikwa, kama Aya ya 282 ya al-Baqarah inavyotufundisha kuandika, kila mmoja apate kodi kwa kadiri ya alichotoa. Nyumba ya vyumba viwili isiyo na deni ni bora kuliko ya vyumba sita inayokunyima usingizi.

Tatu, mkihitaji kugharimiwa, nendeni wenyewe kwenye taasisi yenye mikataba ya Kiislamu. Nendeni wawili au watatu, mmoja awe mwanamke katika warithi. Ulizeni mambo matano na muandike majibu: Bei yote mpaka mwisho ni kiasi gani? Benki inamiliki nini, na lini? Tukichelewa inakuwaje? Tukilipa mapema inakuwaje? Nani mwengine analipwa katika jambo hili? Ombeni nakala ya mkataba mkaisome nyumbani. Nendeni na taasisi ya pili mkalinganishe, kwani halali nayo ina bei yake, na si dhambi kutafuta iliyo nafuu.

Nne, dalali mtumieni kwa kazi anayoijua: kutafuta kiwanja na kumfikisha muuzaji. Ujira wake uandikwe, alipwe kazi ikikamilika, na msimpe hati ya asili hata kwa siku moja. Na kama hamjui kusoma mikataba, mlipeni mwanasheria au mtu mwaminifu mwenye elimu kwa kiwango maalumu, asiyepata chochote kwa mkopeshaji. Huyo ndiye mshauri, kwa sababu atalipwa hata akikwambieni msikope.

Tano, nyumba anayoishi mama isiwekwe rahani kwa ajili ya biashara ya mtoto yeyote. Hata kama warithi wote wataridhia na sheria ikaruhusu, hili ninawausia kama mzee wenu. Biashara hupanda na kushuka, na yeye hana umri wa kuanza tena.

Na kwa kaka mkubwa, ndugu yangu, sikushutumu. Kutaka kuinua familia ni jambo jema, na reli kweli inakuja. Lakini reli itapita na kesho kutwa pia. Usikubali aliyekuwahi njiani akunyang'anye khiyari yako kabla hujafika sokoni.

Tunamuomba Allaah amrehemu baba yenu, awaunganishe nyoyo zenu, amuweke mama yenu katika nyumba yake kwa amani, na atutosheleze sote kwa halali Yake tusihitaji haramu Yake. Aamiin.

Wa Allaahu a'lam.